Mjukuu, huo ndio uchungu

Liuli, Nyasa

Mke mwenzangu,

Babu yako anauliza kama huko Mwanza kuna samaki wa kumfikia mbasa. Nimemwambia aache ugomvi wa maziwa.

Unasema ulisubiri ajira miaka mitatu, tukasali sote, na siku ya safari ya kwenda kuanza kazi ukalia kutoka stendi ya Mbinga mpaka Songea, hadi abiria mwenzako akakuuliza umefiwa na nani. Sasa unajiona huna shukrani.

Na mimi nililia hivyo. Nilipoteremka kutoka Umatengo kuja kuolewa huku ziwani (siku hizo kote kulikuwa Mbinga, kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa mwaka 2012), nilimtaka babu yako kuliko ninavyoweza kukiri. Lakini nilipogeuka kuzitazama ngoro za mama, yale mashimo ya shamba pale mteremkoni, koo lilikaba.

Kiswahili hali hiyo kimeipa neno la ulimini. Chungu ni kinachokunja uso: shubiri, mwarobaini. Kutoka mdomoni neno likashuka tumboni likawa uchungu wa kujifungua, likaingia moyoni likawa uchungu wa aliyefiwa. Kinyanja nacho ni hivyo hivyo: dawa chungu inawawa, na kichwa kikiuma kinawawa. Ila wasikilize watu sokoni: "Yule ana uchungu na mali yake." "Mwalimu huyu ana uchungu na watoto." Hapo hajaumwa mtu. Wanasema anapenda, tena anapenda mpaka inamuuma. Hata ule wa kuzaa, mama huungoja na kanga zake zimekwisha kukunjwa, na majirani huuliza "uchungu umeanza?" huku wakitabasamu. Kwa hiyo tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sijasikia anayesema furaha ya mwana.

Nilipofika huku nilicheka kukuta watu wanapanda muhogo mchungu kwa makusudi, na mtamu upo. Mama mkwe akanipeleka shambani. Nguruwe pori na nyani walikuwa wameupita wa kwake, wakaenda kumaliza wa jirani aliyepanda mtamu. Ule uchungu ndio mlinzi wa shamba. Lakini hauliwi hivyo hivyo, una sumu. Unaumenya, unauloweka siku tatu au nne, mpaka ukiubonyeza kidole kinazama na harufu ile unayoijua inakufukuza. Ndipo unauanika juu ya mawe. Mwaka wangu wa kwanza nilipata wageni nikaharakisha, nikauloweka siku moja tu. Watu walitapika usiku kucha. Mama mkwe hakunigombeza. Alininyang'anya mchi wiki nzima.

Basi na uchungu wako uache ulowe. Mwezi huu usiandike barua ya kuomba uhamisho, na wala usijilazimishe kucheka ofisini ili uonekane umeridhika. Ukilia jioni, lia, kisha upike ule. Huyo anayekuambia kwamba mwenye furaha halii, muulize kama amewahi kumtoa binti yake. Babu yako alipomwoza mama yako alicheza ngoma mpaka kofia ikamdondoka, halafu tukamkuta nyuma ya nyumba anafuta macho kwa mkono wa shati. Alisema ni moshi. Jikoni kulikuwa upande wa pili.

Wala usidhani uchungu huo utakuja kuisha. Mimi nimeishi ziwani miaka yote hii, na wakipita watu wenye magunia ya kahawa kutoka juu, bado nageuza shingo.

Nimekufungia makopa kwenye kiroba, na usipa juu yake. Kitapakiwa basi la Jumanne. Haya yamelowa siku zake zote, wewe ni kutwanga tu. Ukikipokea, piga simu kabla ya saa mbili usiku, babu yako akiwa bado macho.

Bibi yako