Nyakati za Swala, Kompyuta Kuukuu na Programu Huria

Wazazi wetu, walimu wenzangu na wanafunzi wetu wapenzi, napenda kutumia kurasa hizi kujibu swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa mapenzi na wengine kwa wasiwasi: ustadh anafanya nini na kompyuta kila siku baada ya Isha?

Jibu fupi ni kuwa naandika programu. Sikusomea kazi hiyo. Stashahada yangu ni ya masomo ya Kiislamu, na chuoni kwetu kompyuta ilikuwa ya kuchapia mitihani tu. Wapo wanaofuga njiwa, wapo wanaokwenda kuvua siku ya mapumziko. Mimi burudani yangu ni hii, na haijanigharimu zaidi ya kompyuta moja kuukuu na umeme wake.

Mlango nilioingilia ni nyakati za swala. Mzazi mmoja alisafiri kwenda Kigoma ndani ya Ramadhani akiwa na ratiba yetu ya hapa Tanga mfukoni. Jioni akanipigia simu: "Ustadh, ratiba yasema Magharibi imeingia, na mimi hapa nalitazama jua, bado lipo juu ya ziwa!" Nikamwambia alifuate jua, aiache karatasi. Tanga na Kigoma zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja kwa upande wa kusini mwa Ikweta, lakini kutoka mashariki hadi magharibi zimepishana digrii tisa na nusu hivi. Kila digrii moja jua hulichukua kwa dakika 4. Basi Magharibi ya Kigoma huja takribani dakika 38 baada ya yetu, ingawa saa za ukutani za miji yote miwili zinasoma sawasawa. Aliyefuturu kwa ratiba ya Tanga kule amefuturu mchana.

Hesabu hiyo si ya siri. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa digrii 45 mashariki. Sisi Tanga tupo kwenye 39, kwa hiyo jua hutufikia utosini wastani wa dakika 24 baada ya saa sita mchana. Wastani, nasema, kwani jua halendi kama saa ya ukutani: katikati ya Februari huchelewa mpaka karibu saa 6:38, na mwanzoni mwa Novemba huwahi mpaka kama saa 6:07. Nilipoyajua haya nilitaka kuona namna kompyuta inavyoyahesabu. Hapo ndipo nilipokutana na programu huria.

Wanafunzi wangu nawaeleza hivi. Programu yoyote mwanzo wake ni maandishi, amri moja chini ya nyingine, kama mtu anayeandika namna ya kupika pilau. Maandishi hayo ndiyo msimbo. Programu nyingi za kuuzwa hukupa pilau iliyokwisha kuiva na kukufichia maelezo ya mapishi. Programu huria hukupa vyote viwili, na pamoja navyo leseni, yaani karatasi ya ruhusa: tumia kwa kazi yoyote, soma msimbo wake, ubadilishe, mpe mwenzio. Katika leseni iitwayo GPL, iliyotoka mwaka 1989, lipo sharti moja ninalolipenda sana: ukiibadilisha programu kisha ukaigawa, uwape watu na msimbo wake kwa ruhusa ileile uliyopewa wewe.

Aliyeiandika ni Mmarekani Richard Stallman. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, na mashine yao ya kuchapishia karatasi ikawa inakwama mara kwa mara. Alitaka kuirekebisha programu yake ili iwajulishe watu inapokwama, akanyimwa msimbo. Mwaka 1983 alitangaza mradi wake wa GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, akaandika kiini cha mfumo wa kompyuta na kueleza kuwa ni cha kujifurahisha tu. Kiini hicho ni Linux, na leo kimo ndani ya kila simu ya Android mliyonayo majumbani. Waingereza wana shida ya kutumia neno moja kwa maana ya bure na kwa maana ya huru, hata Stallman imembidi alieleze kila anaposimama. Sisi lugha yetu imetuondolea taabu hiyo. Bure ni bei, huru ni hali.

Turudi kwenye swala, maana hapa ndipo penye uzito. Alfajiri huingia jua likiwa bado chini ya upeo wa macho, lakini chini kwa digrii ngapi? Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu imeshika 18. Ummul Qura ya Makka imeshika 18 na nusu, Misri 19 na nusu, na wapo Marekani ya Kaskazini walioshika 15. Kwetu karibu na Ikweta, digrii tatu ni kiasi cha dakika 12 au zaidi kidogo. Mtu anayekula daku anaijua thamani ya dakika 12. Alasiri nayo, kwa Shafii ni kivuli kuwa sawa na kitu chenyewe, kwa Hanafi ni mara mbili yake, na tofauti hapa kwetu inaweza kupita saa nzima.

Sasa programu ya simu iliyofungwa inakuonesha saa 11:03 na kunyamaza. Imechukua 18 au 15? Kivuli kimoja au viwili? Nyingine zina mahali pa kuchagua, nyingine hazina, na hata zile zenye kuchagua huwezi kujua kama zinafanya kweli zinachokisema. Programu iliyo huria naifungua. Naukuta mstari wenyewe, namba 18 imeandikwa pale, na jina la aliyeiandika. Nikiona namba ya kivuli ni 2 naifanya 1. Kisha natoka nje na kijiti na futi kamba, nakipima kivuli uani kwetu, nalinganisha. Kwa jambo la ibada, mimi siridhiki na mashine inayoniambia niiamini hivihivi.

Lipo pia suala la haki ya mtu. Kompyuta nyingi za mitaani huuzwa zikiwa zimejazwa programu za kunakili ambazo mwenyewe hakuziruhusu, na muuzaji hukwambia kwa fahari, "Nimekuwekea kila kitu." Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait, Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisheria, na haijuzu kuzivuka. Wapo watakaosema kampuni zile ni tajiri. Sijaona mlango huo katika kitabu cha fiqhi, wa mali ya tajiri kuwa halali kwa sababu ya utajiri wake. Programu huria zimetupumzisha na mjadala wote huo. Mwenyewe ametoa ruhusa kwa maandishi, tena amesisitiza uwape na wengine. Karatasi za mitihani ya madrasa yetu naziandika kwa LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010. OpenOffice hiyohiyo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Msimbo ulikuwa wazi, basi watu wetu wakaifanya izungumze lugha yetu bila kungoja kampuni ya mbali ione faida.

Ruhusa ya kubadilisha haiendi kila mahali, na watu wa programu wenyewe wanalijua hilo. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, unatoa maandishi ya Qur'an Tukufu yaliyohakikiwa kwa ajili ya kompyuta na simu, na kila mtu anaruhusiwa kuyanakili na kuyatumia katika programu yake. Sharti lake: yanakiliwe kama yalivyo, kuyabadilisha hakuruhusiwi.

Wenzangu walimu watanisamehe, lakini kila nikiifungua historia ya programu huria nakumbuka isnadi. Chombo kiitwacho Git, alichokiandika Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko: nani kaliandika, siku gani, saa ngapi, baada ya badiliko gani. Ukitaka kujua mstari huu umetoka kwa nani, unauliza na unajibiwa. Lakini mfano huu una mpaka. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na majina, walichunguza ukweli wa mtu, hifadhi yake na maisha yake. Git inahifadhi jina tu. Mwaka 2024 lilitokea jambo lililotisha. Mtu aliyejiita Jia Tan aliisaidia programu ndogo iitwayo XZ kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, mpaka akaaminiwa, kisha akapenyeza humo mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aligundua kuwa kuingia kwenye kompyuta yake kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Akaifuatilia, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi aliweza kufika mpaka kwenye shina lake. Hadithi hii huwa nawasimulia darasa la Mustalah. Hawasinzii.

Yapo malalamiko, nisiyafiche. Mzee mmoja wa kamati aliniita pembeni baada ya swala ya Ijumaa, akaniambia: "Mwanangu, watoto hawa tumewaleta kwa ajili ya Qur'an. Kompyuta wataikuta mbele." Ni mzee ninayemheshimu, na kwa upande wa saa ana haki kabisa. Kipindi cha kuhifadhi hakiguswi, na kompyuta haina intaneti wakati watoto wapo. Hata hivyo nilimwomba aniruhusu neno moja. Nikamkumbusha kuwa misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na mtu wa kazi hii, akiitwa muwaqqit, na kwamba Ibn al-Shatir aliyeishika kazi hiyo katika msikiti wa Bani Umayya, Damascus, alitengeneza pale saa ya kivuli mwaka 1371. Mzee akacheka. "Basi uwafundishe kivuli kwanza," akasema.

Na ndivyo tunavyofanya. Wanafunzi hupima kivuli wiki nzima, huandika daftarini, ndipo tunapogusa kompyuta. Hatuhitaji mengi. Ukurasa wa wavuti ni maandishi matupu: unayaandika kwa programu yoyote ya kuandikia, unayahifadhi, unayafungua kwa Firefox, basi. Kompyuta yetu inatumia Debian, ambayo inaridhika na mashine ya zamani. Kwa HTML unaweka jedwali, kwa JavaScript unaweka hesabu, na ukikosea mashine inakuonesha mstari uliokosewa. Mwaka huu wanafunzi watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, wametengeneza ukurasa unaotoa nyakati za Tanga, Pangani, Lushoto na Kigoma. Adhuhuri na Magharibi zinalingana vizuri na tulivyopima. Alfajiri bado tunabishana, kwa sababu yule msichana amekwenda mara mbili ufukweni na baba yake kutazama weupe wa mbingu, na anasema mawingu hayakumpa nafasi.

Wanaotaka kujiunga waje Jumamosi baada ya Alasiri, chumba kilicho karibu na kisima. Mje na daftari, kalamu na kijiti kilichonyooka cha futi moja. Wazazi wanaotaka ukurasa wetu wa nyakati waje na flashi, nitawawekea pamoja na msimbo wake.