Bibi Alisema Nini?

Watu wakiniuliza kama najua Kichina, nami huwauliza: kipi?

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili hapa Guangzhou. Darasani tunafundishwa kwa Putonghua, Kichina sanifu chenye toni nne. Sokoni wauza mboga wanaitana kwa Kikantoni, chenye toni sita. Wachina huziita lugha kama Kikantoni fangyan, usemi wa mahali, na sisi tumezoea kusema "lahaja". Lakini mtu wa Mombasa na mtu wa Unguja wakikutana wataelewana, hata kama watachekana. Mtu wa Beijing akishuka Guangzhou kwa mara ya kwanza, Kikantoni kinampita kama kinavyonipita mimi.

Chukua namba sita. Beijing ni "liu", Guangzhou ni "luk", na Shantou, mashariki mwa mkoa huuhuu wa Guangdong, wanakozungumza Kiteochew, ni "lak". Herufi ni moja tu: 六. Ndiyo maana husemwa kwamba maandishi ndiyo yanayowaunganisha Wachina.

Yanawaunganisha wanaosoma. Mwenzangu wa maabara amekulia Shenzhen, shuleni Putonghua, nyumbani Putonghua. Bibi yake yuko Shantou, hajui kusoma, na lugha yake ni Kiteochew pekee. Kila Jumapili wanapigiana simu ya video. Bibi anamwuliza kama amekula. Hilo analielewa na kulijibu. Baada ya hapo wanatazamana na kutabasamu, mpaka baba mdogo aliyekaa pembeni aanze kutafsiri.

Mwezi uliopita bibi alilazwa. Siku hiyo alizungumza muda mrefu, mara mbili akanyamaza kufuta macho. Alipomaliza, baba mdogo akatafsiri: "Anasema usome kwa bidii."

Mwenzangu akanigeukia. "Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

Nilimfikiria bibi yangu wa Kilosa. Kikaguru chake nakisikia nusunusu, lakini naye hakwenda shule, na bado Kiswahili amekipata sokoni na redioni. Tukikwama, tunakutana hapo katikati. Hawa wawili hawana katikati yao. Wanaye baba mdogo.

Simu ile mwenzangu aliirekodi. Sasa anatafuta mwanafunzi wa Shantou atakayemsikilizia, mtu asiye wa ukoo, asiyemwonea huruma.