Pumzi Ishirini

Saa yangu ya mkononi ilikufa katikati ya Julai 2000, mishale ikiwa imesimama saa mbili kasoro dakika ishirini. Niliendelea kuivaa. Mwanafunzi wa uuguzi asiye na saa yenye mshale wa sekunde ni kama fundi cherehani asiye na mkasi, na mimi nilikuwa na wiki tatu tu wodini. Betri mpya, kwa bei ya fundi wa pale karibu na Soko Kuu, ilikuwa nauli yangu ya siku kadhaa. Nikajiambia, mwezi ukiisha.

Nilikuwa nimetoka Pangani, kwa basi lililopita Korogwe, Mombo, Same na Moshi, nikafikia kwa shangazi yangu Sanawari. Kila alfajiri nilishuka kwa miguu kwenda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Sisi watu wa pwani huambiwa kwamba Arusha kuna baridi, lakini hakuna anayetueleza kwamba baridi ya Julai huko ina maji ndani yake, kwamba kanga inalala kwenye kamba siku mbili na bado haijakauka. Mlima Meru wenyewe sikuuona kwa siku kumi na moja. Mlima wa mita 4,566 upo juu ya kichwa chako na unachokiona ni wingu la rangi ya jivu. Kisha jioni moja, nikiwa natoka zamu, ukajitokeza mzima mzima nyuma ya paa za nyumba, karibu mno, kama mtu aliyekuwa amesimama mgongoni mwako akikusikiliza. Nilisimama barabarani mpaka konda wa kifodi akanipigia kelele.

Siku ya kwanza nilivaa sweta chini ya sare. Sista inchaji aliniangalia mikono. "Mikono ya sweta inakwenda kuosha kidonda au inakwenda kukichafua?" Nikaivua, na sikuivaa tena wodini mpaka nilipomaliza.

Mwaka ule Arusha ilikuwa mji wa mikutano. AICC, lile jengo kubwa lenye sehemu tatu zilizoitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilikuwa jirani yetu. Humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa ikisikiliza kesi zake, na humo humo Warundi walikuwa wakizungumza amani, kwanza chini ya Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki Oktoba 1999, kisha chini ya Nelson Mandela. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 7 Julai, nikiwa mgeni kabisa mjini. Mimi haya yote niliyajua kwa magari meupe ya Umoja wa Mataifa yaliyonipita asubuhi yakinirushia matope, na kwa ving'ora vilivyosikika hadi wodini.

Kazi ilianza kwa kukabidhiana zamu, kitanda kwa kitanda. Aliyelala nasi usiku anasema, anayeingia anasikiliza, mwanafunzi anasimama nyuma akijifanya anaelewa. Baada ya hapo vitanda. Nilikuwa na kijitabu cha prosija zilizotakiwa kusainiwa moja moja: kutandika kitanda mgonjwa akiwa ndani yake, kuogesha kitandani, kusafisha kinywa cha asiyejiweza, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili mgongo usifanye vidonda. Kuhesabu pumzi kulikwisha kusainiwa wiki ya kwanza, saa ingali hai.

Vipimo nilipewa vya asubuhi, wanawake thelathini hivi. Unachukua kipimajoto cha zebaki kwenye kikombe cha spiriti, unakifuta, unakikung'uta mpaka zebaki ishuke, unakiweka kwapani. Kikiwa huko unashika mkono na kuhesabu mapigo. Ukimaliza mapigo, unahesabu pumzi. Mapigo niliyahesabu kwa kukisia mwendo wa sekunde kichwani, na labda sikukosea sana, kwa sababu mapigo yanakugonga kidoleni na huwezi kuyapuuza. Pumzi haikugongi. Kwenye safu ya pumzi niliandika 20. Kitanda cha kwanza 20, cha pili 20, mpaka mlangoni.

Ishirini ni namba yenye adabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, hivyo 20 imekaa ndani ya uzio, ila imeegemea mlango, kama mtu anayekwambia anaumwa kidogo lakini usihangaike. Nilikuwa nimeichagua kwa akili. Kuandika 16 kwa mgonjwa aliyelazwa kungeonekana uongo.

Karibu na dirisha alilazwa msichana wa rika langu, kwao Ngarenaro. Alikuwa amekonda mpaka pete aliyokuwa nayo aliihamishia kwenye kidole gumba. Tulisema ana kifua. Kila mtu alisema kifua. Rais Mkapa alikuwa ameutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, mabango yalikuwepo hadi njia panda, lakini kando ya kitanda hakuna aliyelitaja jina. Mitaani walisema ngoma, au walisema fulani amekanyaga miwaya. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kwenye hospitali za serikali kuanzia 2004. Mwaka 2000 tulichokuwa nacho ni dripu, dawa za kifua kikuu, uji, na kumgeuza mtu kwa wakati. Nasema tulichokuwa nacho, ila mimi sikuwa hata na saa.

Kwenye kitanda kilichofuata aliletwa bibi mmoja kutoka upande wa Oldonyosambu, ndewe za masikio zimeshuka kwa uzito wa shanga, na nimonia imembana. Nikamwamkia shikamoo kwa Kiswahili changu cha Pangani, ambacho nilikuwa nakionea fahari kupita kiasi. Alinitazama tu. Kesho yake, joto likiwa limeshuka, akasema neno moja.

"Kule."

Nikageuka. Kule kulikuwa na mlango. "Kule kuna nini, bibi?"

"Kule," akasema, kwa mkazo zaidi.

Nikadhani ni haja, nikaleta bedpani. Akaisukuma. Nikadhani anataka hewa, nikafungua dirisha, baridi yote ya Meru ikaingia na vitanda vinne vikaanza kulalamika. Nikafunga. Nikahamisha mto. Nikamwelekeza kwa kidole kwenye kila pembe ya wodi, huku, pale, kule, na kila nikisema kule yeye anatikisa kichwa kukubali, ndiyo, ndiyo, halafu anaona sifanyi chochote. Akakunja uso na kugeukia ukutani. Wodi nzima ilikuwa inacheka, pamoja na mama aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya mshono.

"Nesi," msichana wa dirishani akasema alipopata pumzi. "Bibi anataka maziwa. Kwa Kimaasai kule ni maziwa."

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Alikulia na Waarusha, lugha yao ikiwa ile ile ya Wamaasai. Alinifundisha kumsalimia bibi takwenya, na kwamba bibi atajibu iko. Alinifundisha ashe oleng, asante sana. Na kwamba bibi wa mtu ni koko. "Na maji ni enkare," akasema. "Hilo unalijua."

"Silijui."

"Unalijua. Mimi kwetu wapi?"

Ngarenaro. Maji meusi. Na kule upande wa pili wa mlima Ngarenanyuki, maji mekundu. Nilikuwa nikipanda magari yaliyoandikwa majina hayo, nikiyasikia makonda wakiyaimba, na kwangu yalikuwa sauti tu. (Baadaye, wodi ya watoto, nilikuta watoto wa kutoka huko Ngarenanyuki wana meno ya kahawia, nikamwambia mama mmoja amnunulie mwanawe mswaki. Alinijibu kwa upole kwamba anao. Ni floridi, miamba ya mlima huu wa volkano huitia kwenye maji kwa wingi, nayo hutia madoa meno yangali yanaota chini ya ufizi, na ikizidi huipinda mifupa ya miguu. Hakuna mswaki unaofika huko.)

Kesho yake nilimwambia koko takwenya. Aliitikia iko, akanishika kidevu. Mchana wanawe walileta loshoro kwenye kibuyu. Saa ya kuona wagonjwa wodi ilinuka mtori wa ndizi kutoka kwenye chupa za chai, na loshoro, na mafuta ya ng'ombe, na mimi niliyezoea wali wa nazi nilikuwa natoka nje kuvuta hewa. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nakunywa mtori kwa shangazi bila kuambiwa. Koko aliruhusiwa mwanzoni mwa Agosti, akaondoka kwa miguu yake, amejifunga shuka.

Siku chache baadaye Sista inchaji aliniita pembeni ya kitanda cha dirishani. Alikuwa Mmeru wa makamo, hana haraka, mwenye tabia ya kusoma faili kama mtu anayesoma barua ya mwanawe. Karatasi ya vipimo ilikuwa mkononi.

"Jioni thelathini na mbili. Usiku thelathini na nne. Asubuhi ishirini. Jioni thelathini na mbili. Usiku thelathini na sita. Asubuhi ishirini." Alinyanyua macho. "Huyu mgonjwa asubuhi huwa anapona?"

Sikuwa na neno.

"Saa ngapi sasa, mwanangu?"

Nilitazama mkononi. Sijui kwa nini nilitazama. Saa mbili kasoro ishirini. Ukutani ilikuwa karibu saa nne.

Alinishika kiwiko, akaigeuza saa yangu kwenye mwanga, akaiangalia kwa muda. Kisha akaibandua saa yake, ya kubandika kifuani, akaniwekea kiganjani. "Utanirudishia zamu ikiisha. Anza kitanda cha kwanza. Dakika nzima kila mmoja, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili."

Mgonjwa mmoja dakika moja ni nini? Lakini kaa dakika hiyo mbele ya kifua cha mtu, usifanye kingine, uone ilivyo ndefu. Kifua kikipanda na kushuka, moja. Sista alinionyesha ujanja ambao kitabuni nilikuwa nimeusoma bila kuuelewa: usimwambie. Mtu akijua unahesabu pumzi zake anaacha kupumua pumzi zake, anaanza kupumua za kukuonyesha. Kwa hiyo unaendelea kushika mkono kana kwamba bado upo kwenye mapigo, na macho unayashusha kifuani kama mtu aliyezama mawazoni.

Kitanda cha kwanza 18. Cha pili 22. Cha tatu, mama aliyekuwa akisema hajambo kila nikimuuliza, 28. Nilichukua asubuhi yote. Kitanda cha dirishani nilihesabu mara mbili kwa kutojiamini: 36, na mara ya pili 36. Kati ya mbavu, kila akivuta hewa, ngozi ilizama ndani. Nilikuwa nimemuogesha mgongo ule karibu kila siku tangu aingie.

Betri niliinunua Jumamosi hiyo hiyo, kwa hela ya shangazi. Wodi ya watoto niliyopangiwa mwezi uliofuata isingenisamehe: mtoto wa miezi sita akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa miaka miwili akifikisha 40, na ana kikohozi, hiyo ni nimonia mpaka ithibitike vinginevyo, na kuna vijiji ambako hicho ndicho kipimo pekee kilichopo, macho na saa.

Jumatatu, tarehe 28 Agosti, barabara zilifungwa mapema. Shangazi aliniamsha saa kumi na moja nisije nikazuiwa njiani. Siku hiyo mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini pale AICC, mbele ya Mandela na Rais Clinton wa Marekani, na ving'ora havikukoma. Wagonjwa waliokuwa na nguvu walijazana madirishani, hawakuona kitu. Saa ya kuona wagonjwa walifika ndugu wachache tu, na mtori wao umepoa.

"Nani wamekuja?" msichana wa dirishani akaniuliza.

"Clinton. Na Mandela."

"Wamekuja kufanya nini?"

"Kuwapatanisha Warundi."

Alifikiri kidogo. Nilikuwa nimemshika mkono, mapigo nimekwisha kuyahesabu, macho nimeyashusha.

"Mapigo yangu siku hizi unayahesabu mara mbili," akasema.

Nikapoteza hesabu.

"Mimi karatasi yangu huisoma. Mnaitundika hapo miguuni, nikae nitazame nini? Mwandiko wako naujua. Kila asubuhi nilikuwa ishirini. Kisha siku ile Sista alipokukamata nikawa thelathini na sita. Nilizidiwa siku hiyo?"

"Saa yangu ilikuwa imekufa," nikasema. "Tangu Julai."

"Kwa hiyo ulikuwa unanitungia."

"Ndiyo."

Alinyamaza. Msafara mwingine ulipita nje, pikipiki kwanza, halafu magari. Kisha akageuza mkono wake ndani ya wangu, na badala ya mimi kumshika yeye, yeye akanishika mimi. Vidole vitatu, upande wa gumba, mahali penyewe hasa; alikuwa ametuona tukifanya mara nyingi vya kutosha. Akashusha macho kwenye kifua changu kama mtu aliyezama mawazoni. Mimi nilijitahidi kupumua pumzi zangu. Hakuwa na saa. Tulikaa hivyo mpaka msafara ukaisha.

"Ishirini," akasema, akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua na kumuegemeza kifuani pangu, kikombe cha makohozi mkono mmoja, mkono mwingine mgongoni, mpaka kikatulia.