Usimchurie Baba Yako



Biharusi mmoja anaolewa na mwanajeshi. Kaniuliza, mume akipelekwa nje ya nchi atastahamili vipi? Nikamwambia: wewe utastahamili inshaAllah, lakini Mungu akikujaalia watoto, watazame wao.

Wangu alikwenda Kongo mwaka 2017, na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka 14. Wadogo zake walilia siku mbili, wakasahau. Yeye hakulia. Alipika, akawakogesha wadogo zake, nami nikajisifu kwa majirani kwamba mwanangu kakua.

Tarehe 7 Disemba waasi wakavamia kambi ya Semuliki, kule Beni. Wanajeshi wetu zaidi ya kumi waliuawa. Simu ya mume wangu ilikuwa haipatikani. Usiku binti akanijia chumbani: "Mama, na kama baba naye..."

Sikumwacha amalize. "Nyamaza! Usimchurie baba yako. Nenda kasali umuombee."

Siku ya tatu baba'ake akapiga, alhamdulillahi, alikuwa kambi nyengine. Nikadhani yamekwisha. Kumbe kwa mtoto ndiyo kwanza yameanza. Halali mpaka asikie sauti ya baba'ake. Skuli zilipofunguliwa, kila asubuhi tumbo linamuuma. Hospitali vipimo vyote safi. Daktari akauliza tu, "Baba'ake yuko wapi?" Mtoto akaangua kilio, kilio cha tangu Disemba.

Nilidhani namfunza subira. Lakini Nabii Yaaqub, aliyeshika subira njema, alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na huzuni yake akamshitakia Mola wake. Mimi mwanangu nilimziba mdomo, nikaita imani.

Tangu siku ile, baada ya Isha tulikaa kitandani, kila mmoja akasema kinachomtisha, nami nikasema changu. Kisha ndipo tukamuombea baba. Tumbo lilipoa kidogo kidogo. Hata baba aliporudi, wiki nzima binti alimkwepa, akiogopa kumzoea asije akaondoka tena. Tukampa muda.

Basi biharusi wangu, anayelia utamsikia mwenyewe. Mtazame yule anayekuoshea vyombo kimya kimya.

Mola awarejeshe salama walio mbali, na awatulize nyoyo wanaowasubiri. Amin.