Nywila Ndo Nini? Dada wa Mjini Alivyofundishwa Kazi na Mama Yake

Kuna dada mmoja wa Dar, jina kapuni, alipata dili la kuandika maelekezo ya aplikesheni ya vikoba. Kazi inaonekana nyepesi: unamwambia mtu aguse wapi, aandike nini, amalize vipi. Dada akajipinda. Akafungua kamusi, akashusha Kiswahili kizito: "Bofya kitufe. Ingiza nywila. Wasilisha." Bosi akasifia, hela ikaingia, picha ikapostiwa.

Mtu wa kwanza kuwekewa aplikesheni hiyo alikuwa mama yake, muuza matunda wa Mbagala na mweka hazina wa kikoba chao. Wiki tatu baadaye dada anaenda nyumbani Jumapili, anamkuta mama kakunja uso mbele ya daftari lake la zamani. Kumbe michango ya wenzake ilikuwa haionekani kwenye simu. Amepigwa faini mara mbili kwa kuchelewesha hesabu, kalipa kimya kimya kwa hela ya maembe, na kashawaambia watafute mweka hazina mwingine.

"Mwanangu, mimi sikusoma. Hivi vitu ni vyenu nyie," mama akasema.

Dada hakubishana. Akamwomba afanye mbele yake, yeye aangalie tu bila kumwelekeza. Hapo ndo mambo yakajulikana.

Palipoandikwa bofya, mama alikandamiza kidole kama anavyobofya embe kujua limeiva: anakandamiza, anasikilizia. Sasa simu ya kugusa ukiikandamiza muda mrefu inaleta mambo mengine kabisa, mara inachagua maandishi, mara inauliza kama unataka kunakili. Mama hakukosea Kiswahili. Maana anayoijua yeye ni ya sokoni, na ipo tangu zamani. Alitakiwa kuambiwa gusa, basi.

Kwenye nywila akauliza, "Nywele za nani?" Dada akacheka, halafu kicheko kikakata. Aplikesheni ilikuwa inataka tarakimu nne tu. Na mama huyohuyo anatuma na kupokea hela kwa simu kila siku. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na "namba ya siri" kwake ni neno la kawaida kama chumvi. Neno lilikuwepo, mwandishi akaliruka.

Usiku uleule akaanza kubadilisha. Wasilisha akaifanya Tuma. Mama akagoma kugusa: "Nikituma, hela si inaondoka?" Kweli bwana! Kwa mtu wa miamala ya simu, kutuma ni hela kutoka mfukoni. Dada akamuuliza yeye angeitaje. Mama akajibu bila kufikiria: "Weka daftarini."

Ila hata hapo bado. Maelekezo yakasema Weka daftarini, kitufe kwenye kioo kikawa bado kinasema Wasilisha. Mama akakitafuta kitufe kisichokuwepo mpaka macho yakamuuma. Neno la kwenye maelekezo lisipofanana na la kwenye kioo, msomaji anapotea hata kama yote mawili ni sahihi.

Jumatatu dada akamfuata kaka anayetengeneza aplikesheni. Kaka akaguna, akasema wakubwa wataona ni Kiswahili cha mtaani. Dada akamwambia upande wa wahasibu wa ofisini ubaki na nywila na wasilisha, wao wameshayazoea. Upande wa wanakikoba uwe na maneno ya wanakikoba. Kaka akakubali.

Na si kwamba maneno mapya ni mabaya. Kishikwambi kilichekwa sana, lakini kwenye Sensa ya 2022 makarani walipita nacho nyumba kwa nyumba, watu wakaliona neno na kitu chenyewe kwa pamoja. Neno linataka kutambulishwa kwanza. Ukimrushia mtu neno geni wakati ana hela za watu mkononi, atajiona mjinga, na hatakuuliza. Atalipa faini, atanyamaza.

Faini za mama hazikurudishwa. Ila mpaka leo yeye ndo mweka hazina, na kila maelekezo mapya yakiandikwa, yanapitia kwanza kwenye meza ya maembe Mbagala.

Wewe je, mama yako ukimwambia "ingiza nywila" ataingiza nini? Mjaribu leo, halafu dondosha jibu lake hapo chini.