Kilomita za Tope

Mtu akikuuliza kutoka Huruma hadi kwa nyanya yangu ni mbali kiasi gani, usimjibu upesi. Muulize kwanza: mwezi gani? Ni kilomita 16 hivi, ukitoka mtaani kwetu, ukapita Maili Nne, kisha ukaingia ndani ndani upande wa Kamagut. Januari natembea saa tatu na nusu nikipiga mluzi. Aprili mwaka jana, njia ile ile, miguu ile ile, ilinila saa sita na ushei.

Msomaji mpendwa, siku hiyo sikuwa natembea kwa raha zangu. Nyanya alikuwa amebakisha kidonge kimoja tu cha presha, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Vijana wa bodaboda pale steji walitazama mawingu wakacheka. "Huko kwenu hatuendi, labda utununulie trekta!" Basi mama akatia dawa ndani ya kopo lenye kifuniko, akamwomba mjomba anisindikize.

Sisi wa Uasin Gishu tunaishi juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, lakini kuwa juu si kuwa pakavu. Uwanda wetu ni tambarare na maji hayana haraka ya kuondoka. Makaburu waliopanda huku na magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru mwaka 1908 walilionja tope barabara! Miinukoni kuna udongo mwekundu, ambao hunywa maji na kuyashusha chini. Wanariadha wetu huupenda kwa kuwa haupigi magoti kama lami. Mabondeni ndiko kwenye kisirani: udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kidole cha mguu. Hata hiyo Januari ninayoisifu ina mitego yake, maana alama za kwato hukauka zikawa ngumu kama mawe, na kifundo cha mguu hakina spea.

Mjomba alivaa akala. Mimi nilikuwa na gambuti, ambazo ni nzuri za kusimama shambani. Kwa mwendo mrefu ni adhabu tupu. Kila hatua tope linavuta huku, mguu unavuta kule.

"Usifuate njia ya magurudumu, mjomba," aliniambia. "Hapo ndipo maji yamelala. Shika ukingo wenye nyasi, mizizi imeshikilia udongo."

Kwenye mteremko alinifunza hatua fupi, unyayo wote chini. Nilipotaka kukata njia katikati ya shamba lililolimwa alinivuta shati. Mle ungezama hadi kwenye kifundo, na tena ni kukanyaga mbegu za watu.

Tulipofika kijitoni, daraja la magogo halikuonekana. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalinguruma. Moyo ulinidunda nikalikumbatia kopo. Mjomba hakusema kitu. Alichomeka fimbo pale maji yalipoishia, akaketi kwenye jiwe. Tukangoja kama saa nzima, macho kwenye fimbo, hadi ikasimama peke yake kwenye tope, maji yamerudi nyuma hatua mbili. Hata hivyo hakunipeleka darajani. Tulipanda juu kidogo, mahali ng'ombe huvukia, kwa sababu huko chini ni changarawe na mguu hupata pa kusimama. Maji yalinifika magotini, baridi ya kukata mifupa.

Nyanya alikuwa mlangoni. Kabla hatujamwamkia aliinama akatazama miguu yetu: tope jeusi lilikuwa limeoshwa lote, jekundu limeshika juu yake.

"Mmevukia kule kwa ng'ombe," akasema. "Vizuri." Kisha akapokea kopo, akaomba maji ya kumezea.