Barua kutoka Ughaibuni: Mlo wa Mchana Pwani ya Southend

Southend-on-Sea, pale mto Thames unapoingia baharini, ni pwani ya karibu kwa watu wa Afrika Mashariki wanaoishi upande wa mashariki wa London. Treni kutoka stesheni ya Fenchurch Street hufika huko kwa takriban saa moja, kwa hiyo mtu hutoka asubuhi, akashinda ufukweni na jioni akalala kwake. Mji huo ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2022, ila kazi yake ni ile ile ya tangu karne ya 19: kupokea watu wa kutwa, wasiotaka hoteli, ambao ikifika mchana hutafuta pa kula nje kwa bei ya kadiri, bila kutandikiwa kitambaa mezani.

Msafiri aliyekulia Omurushaka, wilayani Karagwe, Tanzania, huja na kanuni yake. Pale barabara itokayo Kyaka inapoachana na ile ya kwenda Nkwenda na Murongo, chakula hufuata magari. Mabasi yanaposimama ndipo penye ndizi, nyama na chai, na anayekaa mbali na stendi hushinda na njaa. Southend, kanuni hiyo humpoteza. Karibu na gati, watu wengi wanapomiminika, ndipo penye foleni ndefu, bei ya juu na kelele za mashine za michezo ya sarafu. Pa kula pazuri zaidi ni Leigh-on-Sea, stesheni chache kabla ya mwisho wa safari.

Hata hivyo, kabla ya chakula kuna suala la maji. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Anayeketi ufukweni Bukoba asubuhi huyakuta maji pale pale jioni. Kwenye mlango wa Thames maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia kama mita 5. Kwa kuwa chini ya bahari hapo ni tambarare, maji yakipwa huacha zaidi ya kilomita moja ya tope la kijivu. Ndiyo maana gati la Southend lina urefu unaozidi kilomita 2, likasifika kuwa gati refu kuliko yote duniani yaliyojengwa kwa ajili ya matembezi, na juu yake kuna treni ndogo: boti zilizoleta wageni kutoka London zisingeweza kuufikia ufukwe wakati wa maji kupwa.

Anayetaka kula huku akitazama maji badala ya tope hufungua jedwali la maji kwenye simu kabla ya kukata tiketi. Asiye na jedwali atazame mwezi. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji ya Southend hujaa karibu na saa za mlo wa mchana. Baada ya hapo kujaa huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Tope nalo lina wapenzi wake, hasa kuanzia vuli, bata bukini kutoka Siberia wanapokuja kula nyasi za baharini. Kutembea juu yake ni jambo jingine, maana maji yakirudi hupitia kwanza kwenye mifereji na kumzunguka mtu kwa nyuma.

Leigh ya zamani ni kipande chembamba cha mtaa wa wavuvi, kilichotenganishwa na mji wa juu na reli iliyojengwa miaka ya 1850. Kutoka stesheni, mtu akielekea mashariki kandokando ya maji hukuta mabanda yanayouza cockles, kombe wadogo wanaochemshwa, wakatolewa maganda na kuuzwa baridi kwenye vikopo, wakinyunyiziwa siki na pilipili nyeupe. Mtu wa Karagwe huwaangalia kwa mashaka yale yale ambayo Mwingereza huyaonyesha akikaribishwa senene, na wote wawili hukosea. Vikopo hivyo ni bei nafuu kuliko mlo kamili, na kwenye mtaa huo ndicho chakula chenye asili ya hapo hapo.

Samaki na chipsi ni habari nyingine. Samaki huwa cod au haddock wa bahari za kaskazini, na wengi hutoka mbali, hadi karibu na Iceland na Norway. Waingereza wanakipenda chakula hicho kiasi kwamba hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyakula vingi vilipogawiwa kwa kipimo, hicho hakikuwekewa mgawo. Muislamu ana maswali mawili ya kuuliza dirishani: kama mafuta ya kukaangia ni ya mimea au ya ng'ombe, na kama unga uliopakwa samaki umekorogwa kwa bia. Muuzaji hashangai kuulizwa. Kwa kila mnunuzi kuna pia stika ya usafi, yenye alama kuanzia 0 hadi 5, inayotokana na ukaguzi wa halmashauri. Wales sheria inawalazimisha wenye maduka kuibandika. Uingereza yenyewe ni hiari, na duka lisilobandika lina sababu yake.

Bei huongezwa na kodi. Chakula cha moto cha kuchukua hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ilhali sandwichi baridi inayoliwa nje kwa kawaida haitozwi. Familia zenye watoto hukwepa hesabu hiyo kwa kuja na pilau, chapati na chupa ya chai, na kusema kweli hula vizuri kuliko walio kwenye foleni. Jambo la kuzingatia ni pa kukaa. Meza zilizo nje ya baa au banda ni za wateja wa hapo, na kufungua vyombo vya nyumbani juu yake ni utovu wa adabu. Ukuta wa bahari, ufukwe mdogo wa mchanga na mabenchi ya njiani ni vya kila mtu. Mabenchi mengi yana kibao chenye jina la marehemu. Mnyambo, yaani mtu wa Karagwe, akiwa mgeni husita kuketi hapo, lakini ndugu wa marehemu waliyaweka mabenchi hayo ili watu wakae.

Adui wa mlo wa nje ni shakwe. Ndege huyo analindwa na sheria ya mwaka 1981, hivyo hapigwi mawe, na huiba chipsi mkononi mchana kweupe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba akitazamwa usoni huchukua, kwa wastani, sekunde 21 zaidi kukisogelea chakula. Basi mlaji hukaa mgongo ukiwa ukutani, akakazia macho mbele. Ukuta huo humkinga pia na upepo, ambao hata mwezi wa Julai huweza kumlazimisha mtu kula akiwa na koti.

Mkaa wa kuchomea nyama umepigwa marufuku katika fukwe nyingi, kwa kuwa masalia yake yakifukiwa mchangani huunguza nyayo za watoto, na kutupa takataka kuna faini. Wanaokwenda Jumapili huangalia mapema ratiba ya kurudi, kwani ndiyo siku ambayo reli mara nyingi hufanyiwa matengenezo na abiria huhamishiwa kwenye mabasi.